Meza ya simu: jinsi uchochoro mmoja wa Buguruni ulivyopatana

Kwa karibu miaka miwili, mama lishe, vijana wa maskani na vijana viziwi wa uchochoro mmoja wa Buguruni waliishi kwa kuviziana. Hakuna aliyeuawa na hakuna kesi iliyofika mahakamani, ndiyo maana hamkuisoma habari hii gazetini. Lakini mitungi ya gesi iliibiwa, meza zilivunjwa usiku, kijana mmoja kiziwi alipigwa kwa wizi ambao hakuufanya, na ikafika mahali kinamama wakawa wanafunga jiko saa kumi jioni kwa hofu. Leo uchochoro uleule unauza chakula mpaka saa tatu usiku, na wanaolala na masufuria ni walewale waliokuwa wakishukiwa kuyaiba.

Nilikifuatilia kisa hiki kama mwezeshaji wa vikundi vya kuweka na kukopa. Nakiandika kwa sababu kinapingana na imani ambayo sisi wenye kazi hii tumeizoea mno, kwamba ukishagawa mikopo kwa haki, kila kundi na fungu lake, basi amani itafuata yenyewe. Hapa mgao ndio uliochochea ugomvi. Kilichowapatanisha ni biashara ambayo hakuna upande uliokuwa na uwezo wa kuiendesha bila wenzake, na hata hiyo haikuanza mpaka dhuluma moja iliposemwa hadharani.

Sitautaja uchochoro wala watu wake. Wote wapo, na bado wanauziana kila siku.

Watatu ndani ya njia moja

Anayeijua Buguruni anajua msongamano wake: soko la vyakula, daladala za kwenda kila pembe ya jiji, gereji za uani, na watu wanaopita tangu alfajiri kati ya Barabara ya Uhuru na ile ya Mandela. Ipo pia Shule ya Msingi Buguruni Viziwi, iliyoanza miaka ya 1970, na kwa sababu yake eneo hili lina viziwi wengi. Baadhi yao walimaliza shule wakabaki hapahapa kutafuta maisha: ushonaji, ufundi viatu, kupiga pasi, kuosha magari.

Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaagiza wakuu wa mikoa wawapange machinga bila vurugu. Dar es Salaam ilianza utekelezaji Oktoba, na baada ya muda kuongezwa, mwisho wa mwezi huo vibanda vilivyokuwa juu ya mitaro, kwenye hifadhi ya barabara na mbele ya maduka vilikuwa vinatoka. Baadaye ukaja ujenzi wa barabara za mwendokasi awamu ya tatu, ile ya kuelekea Gongo la Mboto, ukabana tena nafasi iliyobaki. Siandiki hapa kuupinga mpango ule wala kuutetea. Ninachosema ni kwamba watu walioondolewa barabarani hawakuyeyuka. Wengi waliingia ndani, kwenye vichochoro, na kwenye vichochoro walikuta wenyeji.

Katika uchochoro wetu, walioingia ni kinamama zaidi ya kumi wenye majiko, mabenchi na miavuli. Waliowakuta ni makundi mawili. Kwanza vijana wa maskani: wabeba mizigo wa sokoni, wasukuma mkokoteni, wapiga debe, na wengine ambao siku ikiwa mbaya hawana kazi yoyote. Wao walikuwa wamefagia njia ile, wakamwaga kifusi pale palipotuama maji, wakatundika taa. Pili, viziwi sita waliokuwa na vyerehani viwili, pasi za mkaa na benchi la viatu, upande wa ukuta wenye kivuli.

Kinamama walipofika, vijana walidai shilingi 500 kwa siku kwa kila jiko. Wao waliita ni hela ya ulinzi. Kinamama waliita ni kunyang'anywa, na mimi niko upande wao, maana pesa inayotolewa kwa woga haiwi malipo ya kazi hata kama kazi imefanyika. Lakini ni kweli vilevile kwamba kazi ilikuwa imefanyika na hakuna aliyewahi kuwauliza wale vijana wameitengenezaje njia ile. Kwa viziwi hali ilikuwa ya kimya zaidi na mbaya zaidi. Moshi na mafuta viliharibu nguo za wateja wao. Wakilalamika kwa alama, wanachekwa. Meza zao zikasogezwa kidogo kidogo mpaka zikatoka kwenye kivuli.

Mkopo ulioingia upande mmoja

Tanzania ina mpango mzuri ambao nchi nyingi hazina. Kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018 na kutungiwa kanuni mwaka 2019, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilala, ambayo tangu Februari 2021 ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ina mapato makubwa, kwa hiyo fungu lake si dogo.

Mwishoni mwa 2022 kinamama wa uchochoro walipata. Walikuwa na kila kitu: katiba ya kikundi, akaunti ya benki, mihutasari, vitambulisho vya NIDA, na mwenyekiti mwenye miaka mingi kwenye vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, ambaye anajua ofisi gani inafunguliwa saa ngapi. Walinunua majiko ya gesi, mitungi ya kilo 15, mabenchi mapya na friji ya mtumba.

Vijana na viziwi nao waliomba. Faili la vijana lilirudishwa kata mara kadhaa. Mmoja jina lake la NIDA halikufanana na la barua, mwingine hakuwa na kitambulisho kabisa, wawili walikuwa wamehamia Kitunda. La viziwi lilikwama kwa sababu ambayo mpaka leo inaniumiza: walipigiwa simu. Ofisi ilitaka kuwahoji, ikapiga namba iliyoandikwa kwenye fomu, simu ikaita mpaka ikakatika, ikapigwa tena siku nyingine. Kwenye faili pakaandikwa kwamba wahusika hawapatikani. Wahusika walikuwa wamekaa mita chache kutoka sokoni, simu mkononi, wakingoja ujumbe.

Kisha ikaja Aprili 2023. Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo ile nchi nzima ili ijipange upya, baada ya ukaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake, na fedha ya umma lazima ilindwe. Ila ukiwa chini, uchochoroni, hauoni ripoti ya CAG. Unachoona ni kwamba jirani yako ana jiko jipya na friji, wewe faili lako limerudi, na sasa unaambiwa dirisha limefungwa. Vijana walishawishika kwamba kinamama "wamekula na kufunga mlango". Nilimsikia mmoja wao akimwambia mwenyekiti wa kinamama, tena kwa heshima zote, baada ya kumwamkia: "Mama, sisi hatukuchukii. Ila nyinyi mmeingia kwetu, mmepata, na sisi tumebaki kuwaangalia." Yule mama hakuwa na jibu, kwa sababu mambo yale hakuyapanga yeye.

Mwezi mmoja baadaye mitungi miwili ikaibiwa.

Usiku wa pasi

Ili kuelewa kilichofuata, ikumbukwe hali ya jiji wakati ule. Mwaka 2022 hofu ya panya road, magenge ya vijana wanaovamia na kupora watu, ilikuwa imerudi Dar es Salaam kwa nguvu, baada ya uvamizi wa maeneo kama Zingiziwa na Kawe. Kijana yeyote aliyekuwa akitembea usiku alikuwa mshukiwa. Ulinzi shirikishi ulifufuliwa mitaani, na sehemu nyingine ulifanywa na watu wenye hasira na virungu bila mafunzo yoyote.

Baada ya wizi wa mitungi, kinamama waliwalipa walinzi wawili wa kutoka mtaa wa pili, na baadhi ya vijana wa maskani wakajiunga nao ili kujitoa kwenye lawama. Usiku mmoja, saa nne na kitu, walimwona mtu akiinama kwenye meza za ukutani. Walimwita asimame. Hakusimama, kwa sababu hakusikia. Walimfikia wakampiga, na alipoinua mikono kujieleza, wakadhani anataka kupigana. Alikuwa amerudi kuchukua pasi yake ya mkaa aliyoisahau. Alivunjika kidole na kuchanika juu ya jicho.

Mitungi ilipatikana baadaye ikiuzwa na mtu ambaye hakuwa wa upande wowote kati ya hizo tatu.

Nimekaa sana kwenye tukio hili kwa sababu naamini bila kulishughulikia, yote yaliyofuata yasingewezekana. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliitisha vikao, na cha kwanza kilikuwa bure. Kinamama walidai ulinzi, vijana walidai kutambuliwa, na viziwi walikaa mstari wa nyuma wakitazama midomo ya watu. Hakukuwa na mkalimani. Kikao cha pili alikuja dada wa mmoja wao anayejua Lugha ya Alama, na hapo ndipo watu wa uchochoro walipopata kusikia kwa mara ya kwanza viziwi wanataka nini. Hawakutaka pesa, wala kurudishiwa kivuli. Yule aliyepigwa alitaka neno moja lisemwe mbele ya watu wote waliokuwa wakimwita mwizi: kwamba hakuiba.

Lilisemwa. Vijana wawili waliompiga walikuja na mzee wao, wakamwomba radhi yeye na mama yake, na gharama za hospitali zikagawanywa kati yao na kinamama waliokuwa wamewalipa walinzi. Kinamama hawakufurahia kuchangia. Mmoja alisema wazi kwamba yeye hakumpiga mtu. Mwenyekiti wao alimjibu kwamba hela iliyolipa virungu ilitoka kwenye kibubu chao wote. Sijui semina ngapi ningehitaji kuendesha ili kulisema jambo hilo vizuri kuliko alivyolisema yeye.

Hela inapita wapi

Baada ya hapo, tuliwaomba wakae pande zote tatu tuchore kwa chaki, chini sakafuni, safari ya noti ya elfu moja tangu inapoingia mkononi mwa mama lishe hadi inapotoka. Zoezi ni rahisi na nimelifanya na vikundi vingi. Kinachojitokeza kila mara ni kilekile: watu wanaogombana wana pesa zinazopishana bila kukutana.

Maji ya kupikia na kuoshea vyombo yalikuwa yakinunuliwa kwa madumu kutoka kwa wasukuma mkokoteni wa mtaa mwingine, wakati wasukuma mkokoteni wa maskani wamekaa hatua ishirini kutoka jikoni. Taka walilipwa watu wa kupita. Vitambaa vya meza na aproni walinunua Kariakoo, na huku cherehani mbili ziko ukutani. Hakuna aliyekuwa amepanga kumnyima jirani. Ni kwamba hakuna aliyemwamini jirani kiasi cha kumpa kazi.

Ila sehemu iliyofungua macho ya wote ilikuwa chakula kinachobaki. Ikifika saa nane mchana wateja wa benchi wanaisha, na kila jiko linabaki na wali ambao utauzwa nusu bei au kumwagwa. Wakati huohuo, kwenye gereji za jirani, fundi aliyefungua injini hawezi kuiacha wazi aende kula. Anashinda na soda na karanga, au anamtuma dogo amletee chipsi zilizopoa. Kinamama waliwahi kujaribu kupokea oda kwa simu. Ilishindikana. Mama amekaa mbele ya jiko linalounguruma, mikono ina unga, redio ya jirani inapiga, simu inaita, haisikiki. Akipokea, anasikia "wali mbili" kumbe ni "wali na dengu".

Aliyeleta jibu ni mama mmoja mkaanga samaki, mtu asiyependa kusema vikaoni. Alimwonyesha kidole yule fundi cherehani kiziwi na kusema kwamba yeye simu yake haijawahi kukosa oda. Watu wakageuka kumtazama. Ilikuwa kweli. Wateja wake wote wa nguo walimtumia ujumbe: picha ya mshono, vipimo, siku ya kuchukua. Kwa kuwa hasikii, alikuwa amejenga biashara yake yote juu ya maandishi, na kelele ya uchochoro ilikuwa haimhusu.

Hapo ndipo ilipozaliwa meza ya simu.

Mpango wenyewe ni huu. Kinamama walitoa hisa kutoka kwenye kikoba chao, si kwenye mkopo wa halmashauri ambao ulikuwa na matumizi yake, wakanunua simu ya kupokea oda na kusajili namba ya malipo. Viziwi wawili wanakaa mezani kwa zamu, wanapokea oda kwa ujumbe, wanaziandika kwenye karatasi za rangi, kila jiko na rangi yake. Vijana wa maskani wanapeleka, kwa sababu wao ndio wanaojua kila uani, kila fundi anaitwa nani, na nani ana tabia ya kulipa kesho. Sahani ya shilingi 2,000 ikipelekwa inauzwa 2,500. Katika ile 500 ya juu, 300 ni ya mpelekaji na 200 ni ya meza ya simu. Mama naye anatoa 100 katika kila sahani iliyopelekwa, inaingia mfuko wa uchochoro: taa, taka, maji, na mlinzi wa usiku ambaye ni kijana wa maskani anayejulikana kwa jina na kusaini daftari.

Ile 500 ya kila siku ya vitisho ikafa bila mtu kuipigia kampeni. Kijana aliyekuwa akiidai sasa anapata zaidi kwa kupeleka sahani chache, na anaipata kwa jasho lake.

Sanduku la mfuko lina kufuli tatu, kama yalivyo masanduku ya vikoba vingi. Tofauti ni kwamba hapa funguo hazikugawiwa viongozi wa kikundi kimoja. Ufunguo mmoja uko kwa kinamama, mmoja kwa vijana, mmoja kwa viziwi. Nimeona mabaraza ya usuluhishi yenye posho na bendera ambayo hayakufanya kazi kubwa kama hizi kufuli tatu za bei ya chini. Huwezi kulifungua sanduku ukiwa umekosana na wenzako.

Mahali palipopwaya

Wiki za mwanzo oda ziliharibika. Watu wengi hudhani kiziwi aliyekwenda shule anasoma Kiswahili kama wewe, lakini lugha yake ya kwanza ni ya alama, na Kiswahili cha maandishi kwake ni cha kujifunza. Mafundi nao huandika wanavyoongea: "tupia wali ndondo na kachumbari ya kibabe". Meza ya simu ikachanganyikiwa. Suluhisho walilibuni wenyewe wale viziwi: kila asubuhi wanapiga picha za sahani, wanazipa namba, wanawatumia wateja, na mteja anajibu kwa namba tu. Tukagundua baadaye kwamba mafundi kadhaa ambao hawakuwa wakiagiza kabisa walianza kuagiza. Kumbe nao kusoma kulikuwa kunawapa shida, na walikuwa wanaona aibu kusema. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya kiziwi ilimwokoa na fundi anayesikia.

Jaribio kubwa lilikuwa jingine. Mpelekaji mmoja alitoweka na makusanyo ya siku nzima. Miezi michache kabla, jambo hilo lingeishia kwa virungu. Safari hii vijana wa maskani walikutana peke yao usiku uleule, na asubuhi wakaja kwa kinamama wakiwa tayari wamekubaliana: fedha ile italipwa kutoka kwenye ile 300 yao, kidogo kidogo, na mwenzao atasimamishwa mpaka alipe. Alipatikana kwa shangazi yake Mbagala. Alilipa nusu, akarudi kazini baada ya muda, na mpaka leo hakabidhiwi pesa taslimu, mteja wake hulipa kwenye namba. Nadhani hapa ndipo amani ilipothibitika. Kundi linalowalipia wenzake deni ili biashara isife limeshatoka kwenye hesabu ya "sisi na wao".

Jambo moja halijatengemaa na silifichi. Wasichana wawili viziwi waliomba kupeleka chakula, kwa kuwa mpelekaji hupata zaidi ya anayekaa mezani. Walipeleka siku chache wakaacha. Kwenye gereji walishikwa mikono, walifuatwa, walichezewa kwa maneno ambayo hawakuyasikia lakini waliyaelewa usoni mwa watu. Vijana wa maskani walijitolea kuwasindikiza, lakini ukisindikizwa kila safari, faida iko wapi? Kinamama wawili walikwenda kuzungumza na wenye gereji, na gereji moja ikaweka onyo na kulisimamia. Nyingine bado. Mpaka hapo haki ya kutembea kazini bila bughudha itakapokuwa ya wote, siwezi kuuita ujasiriamali wa uchochoro huu kuwa shirikishi kwa ukamilifu.

Fomu inayowatenganisha

Mwaka 2024 serikali iliirudisha ile mikopo ya asilimia 10 kwa utaratibu mpya. Ni habari njema, na pande zote tatu zilijiandaa kuomba. Tatizo ni kwamba uchochoroni ni biashara moja, ila kwenye fomu ni vikundi vitatu. Mgawanyo wa 4, 4 na 2 unamtaka kila mtu aseme ni wa fungu gani. Yule binti kiziwi anayekaa meza ya simu ni mwanamke, ni kijana, na ana ulemavu. Alipoulizwa atajiandikisha wapi, alimtazama mwenyekiti wa kinamama, akamtazama kiongozi wa maskani, kisha akauliza kwa alama kwa nini lazima achague.

Nauelewa msingi wa mafungu. Bila fungu la asilimia 2, watu wenye ulemavu wangesukumwa nje na wenye nguvu, kama meza zao zilivyosukumwa nje ya kivuli. Fungu lazima libaki. Ninachoomba kwa wenye mamlaka ni kwamba vikundi vyenye biashara inayotegemeana viruhusiwe kuja pamoja na andiko moja, kila mmoja akichukua kutoka fungu lake, na kwamba maafisa maendeleo ya jamii waongeze swali moja kwenye mahojiano: hapa mtaani unamuuzia nani na unanunua kwa nani? Majibu yake yataonyesha, kabla shilingi haijatoka, kama mkopo utajenga ujirani au utaongeza jiko jipya mbele ya macho ya asiye na jiko. Na halmashauri iache kuwapigia simu viziwi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kupata taarifa na mawasiliano kwa njia wanayoielewa. Ujumbe mfupi ni gharama ya shilingi chache.

Kuna hatari kubwa kuliko zote hizi, nayo ni ardhi. Hakuna karatasi yoyote inayowaruhusu kuwa pale. Siku njia ile ikitakiwa kwa mtaro, kwa bomba, au kwa mtu mwenye hati, meza ya simu, majiko na vyerehani vitaondoka pamoja, na kila upande utatafuta uchochoro wake wenye wenyeji wake. Utulivu wote niliousimulia unasimama juu ya ardhi isiyo yao. Ndiyo maana kwa sasa wameweka mkopo kando na kuandika kwanza barua ya kuomba kibali cha maandishi, kupitia serikali ya mtaa kwenda kwa mtendaji wa kata. Rasimu iliandikwa na kinamama. Vijana waliisoma na kuongeza ramani ya njia ya gari la zimamoto, iliyopimwa kwa hatua na mkokoteni. Viziwi hawakusaini mpaka yule dada alipowafasiria yote kwa alama, mstari kwa mstari. Kisha wakadai namba ya mawasiliano iliyowekwa juu, ile ya mwenyekiti wa kinamama, ifutwe na iwekwe ya meza ya simu, na chini yake paandikwe kwa herufi kubwa: tumeni ujumbe, msipige.